Kikohozi cha Fortunat

Tegua hiki kabla chai haijapoa. Kuna kijumba chenye macho mawili, na hakioni kitu. Aliyemo ndani hali, hanywi, hazeeki. Ukimlaza upande mmoja anasema, ukimgeuza upande wa pili anasema mengine, na akianza kusema, hata mvua ya mwaka ule inanyesha tena.

Unasema simu? Apana, simu haigeuzwi ubavu. Kaburi? Umekaribia, lakini kaburi halisemi. Basi umeshindwa, nipe mji. Usinipe Paris wala Dubai, huko sina mtu. Nipe Bujumbura. Haya, nimeupokea, na kwa kuwa umenipa mji mzuri nakufungulia: ni kaseti. Tena si kaseti yoyote. Ni ile ya Mama Irène wa Musaga, na aliyekuwa ndani yake ni mume wake, Fortunat.

Fortunat alikuwa mpiga kinanda wa kanisa dogo kule Buterere, pembeni ya mashamba ya mpunga. Kinanda chenyewe kilikuwa cha zamani, cha kukanyaga kwa miguu ndipo kipate pumzi. Alifundishwa na mapadri Uvira akiwa kijana, na muziki alioupenda haukuwa wa kupigiwa makofi. Ulikuwa ule wa Wazungu wa kale, ulioandikwa nota kwa nota, ambao watu huusikiliza kimya mpaka mwisho kama wanasomewa hukumu. Majirani walisema unaleta usingizi. Irène peke yake ndiye aliyekwenda kukaa naye mchana kanisani, ungo wa mchele mapajani, akichambua na kusikiliza.

Siku moja ya mvua Fortunat akabeba redio ya kaseti, akaiweka juu ya benchi, akabonyeza. Mwanzoni unamsikia anasema, “Irène, funga dirisha, karatasi zinaloa.” Unasikia dirisha linafungwa. Halafu mvua juu ya mabati, halafu kinanda. Katikati, pale muziki unaposhuka mpaka unakuwa kama mtu anayenong’ona, Fortunat anakohoa. Mguu unateleza, sauti inayumba, anaidaka tena, anaendelea. Mwishoni anashusha pumzi na kucheka kidogo, basi.

Kikohozi hicho hicho ndicho kilichokuja kumchukua baadaye. Na mwaka ule maji ya mafuriko yalipoingia Buterere, yalikwenda na picha za harusi, na nguo zake, na karatasi zake zote za nota. Kaseti ilipona kwa sababu ilikuwa juu ya kabati. Irène akahamia Musaga kwenye chumba cha juu ya barabara, watoto wakatawanyika, mmoja Kigoma, mwingine Kanada, na kijumba kile chenye macho mawili kikawa ndiyo nyumba pekee ambamo Fortunat alikuwa bado anaishi.

Mtu aliyempeleka Irène mtaa wa Mutanga Nord ni Kudra wa Buyenzi, muuza vitambaa, mwanamke wa maneno makali na moyo laini. Marehemu baba yake Kudra alikuwa mpiga fidla katika kundi la taarabu, na Kudra mwenyewe alirithi masikio. Fidla yoyote ikilia, ya Mwarabu au ya Mjerumani, yeye anasimama.

“Dada, kuna mahali watu wanakaa Jumapili kusikiliza muziki kama ule wa mume wako,” alimwambia. “Wazima kabisa, si wagonjwa. Twende ukawaone.”

Mahali penyewe ni sebuleni kwa Mzee Anselme, aliyekuwa fundi wa sauti kwenye redio maisha yake yote, sasa amestaafu na hana kazi ila hiyo. Ana spika ndefu kama watoto wa darasa la kwanza, ana mashine ya sahani za santuri, mashine ya kaseti, na kompyuta kuukuu inayonguruma kama paka. Wa nne alikuwa Hugues, mwalimu wa lycée, yaani sekondari, kijana bado, msemaji kuliko redio.

Kundi lilikuwa na desturi zake. Kila mtu analeta kile anachokipenda wakati huo, kwenye simu, kwenye flashi, kwenye sahani, vyovyote. Haruhusiwi kutaja ni nini wala ni nani anapiga. Kinasikilizwa kwanza, kimya. Ukitaka kukohoa, toka nje ukohoe kwenye mipapai. Kikiisha, kila mmoja anaulizwa, “Umesikia nini?” na anajibu kwa maneno yake, ndipo jina linatajwa. Mwisho, ulicholeta unamwachia Anselme. Anakiingiza kwenye kompyuta, anakitoa mikwaruzo na vumbi na makelele ya watu, anawagawia wote kikiwa safi. Hiyo yeye aliita kuosha.

Jumapili moja Hugues alikuwa ameleta mwanamke wa Kirusi anayeshikilia nota moja mpaka wewe unayesikiliza unaishiwa pumzi.

“Nimesikia mutu anaita mutoto wake na mutoto hataki kuja,” alisema Kudra.

“Nimesikia kiburi,” alisema Anselme. “Kizuri, lakini kiburi.”

“Nyie wazee hamupendi wanawake wenye sauti,” alisema Hugues. “Na we Maman Irène? Kila Jumapili unasema nimesikia vizuri, nimesikia vizuri. Tena hujaleta kitu hata siku moja. Unakula tu, kupika apana?”

Wakacheka, na Irène akacheka nao. Lakini maneno yale alirudi nayo Musaga. Mashine yake ya kaseti ilikuwa imeharibika zamani, na fundi wa pale sokoni aliifungua akamwambia vipuri vyake havipo tena duniani. Hakuwa amemsikia Fortunat muda mrefu. Akafikiri: kule kwa Mzee kuna spika ndefu. Kule atasema kwa sauti ya mtu mzima, si ile ya redio iliyokunywa maji. Na watakaomsikia ni watu wanaojua. Maisha yake yote Fortunat alipigia waliosinzia.

Jumapili iliyofuata akaitoa kaseti kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso. Hakusema ni nini, kwa sababu ndiyo desturi.

Anselme aliishika kwanza, akaigeuza kwenye mwanga. “Lo. Bandi ya kromu, utepe wenyewe hasa. Hizi nzuri sana, siku hizi hata ukitafuta na taa huzipati. Nani alirekodi vitu hivi juu ya bandi nzuri namna hii?” Kisha akakumbuka sheria yake mwenyewe, akaitia ndani ya mashine.

“Irène, funga dirisha, karatasi zinaloa.”

Kudra akageuka kumtazama. Irène alikuwa amefumba macho. Sebule ile ya Mutanga Nord ilijaa mabati ya Buterere, na Fortunat alikuwa amekaa pale, mgongo kwake, shati limemganda kwa jasho. Alipokohoa, Irène alishika mkono wa kiti. Alipocheka mwishoni, midomo yake ilifunguka kama anataka kumjibu.

“Haya,” alisema Anselme. “Hugues, umesikia nini?”

“Nimesikia kinanda chenye pafu moja,” alisema Hugues. “Na mutu wa mazoezi. Anajaribu, lakini pale katikati anapoteza njia.”

“Mimi nimesikia mvua,” alisema Kudra, pole pole, kwa sababu alikuwa ameshaelewa.

“Mimi nimesikia mutu anayejua,” alisema Anselme. “Tena anajua sana. Lakini wamemrekodi kama wanamchukia. Mvua, maneno, kikohozi mahali pazuri kuliko pote. Yule aliyekohoa angetoka nje.”

Irène akafumbua macho. “Ni yeye mwenyewe aliyekohoa,” alisema. “Ni mume wangu.”

Hugues alitazama viatu vyake. “Maman, nisamehe. Mi sikujua.”

“Sheria inasema usijue,” alisema Irène. “Umeshika sheria.”

Anselme ndiye aliyeumia zaidi, maana alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi alitaka kulipia kosa lake palepale. Alisogeza kiti. “Mama Irène, niachie. Nitamwosha kwa mikono yangu. Nitamfanya asikike kama amekaa kwenye kanisa kubwa la Roma. Mutu kama yule hastahili kusikika kupitia mabati. Niachie wiki moja tu.”

Irène alitazama kaseti mkononi mwa mzee. Kulikuwa na kitu moyoni kilichosema kataa. Lakini desturi ni kuacha, wote huacha, na mtu alikuwa amesema Fortunat anajua sana. Hakuna aliyewahi kusema hivyo mbele yake. Akaacha.

Jumapili iliyofuata Anselme alikuwa amevaa shati la pasi. Aliwakalisha, akabonyeza kompyuta, akasimama nyuma ya spika mikono mgongoni kama bwana harusi.

Kinanda kikaanza palepale. Hakuna aliyeambiwa afunge dirisha. Hakukuwa na dirisha. Hakukuwa na mvua. Sauti ilikuwa safi kama sahani iliyotoka kwenye maji ya moto, kubwa, yenye mwangwi wa kanisa ambalo Fortunat hakuwahi kuliingia. Irène alingoja kikohozi. Alikijua kinakuja wapi, alikingoja kama mtu anavyongoja ngazi ya mwisho gizani. Muziki ukashuka, ukanong’ona, ukapita, laini, bila kuyumba, na mguu wake Irène ukakanyaga hewa. Mwishoni hakuna aliyecheka.

“Extraordinaire,” alisema Hugues, na alisema kwa moyo. “Ungeniambia ni mutu wa Ulaya, ningekubali.”

“Baba yangu angemvulia kofia,” alisema Kudra, lakini macho yake yalikuwa kwa Irène.

“Mama Irène,” alisema Anselme, uso unang’aa. “Umesikia nini?”

Irène alitazama spika. “Nimesikia kinanda.”

“Si unasikia alivyo?”

“Nasikia. Mzee, kikohozi umekiweka wapi?”

Anselme akacheka. “Nimekitoa. Kilinipa kazi, wacha nikuambie. Kilikuwa kimekaa juu ya nota tatu, nimezichukua zinazofanana nazo kule mwanzoni, nimezishona pale. Hata wewe hujasikia mshono.”

“Na aliposema nifunge dirisha?”

“Yale ni ya kabla ya muziki, Mama.”

“Kirudishe,” alisema Irène. “Kikohozi. Na dirisha. Na pale anapocheka. Virudishe, tafadhali.”

Tabasamu la Anselme lilianza kupotea upande mmoja. Alieleza. Kompyuta yake ni ndogo, imejaa. Akishaosha kitu, ile nakala chafu anaifuta ili apate nafasi. Kwa hiyo kule ndani hakuna. “Lakini kwani kuna shida gani,” aliongeza haraka. “Kaseti si ndiyo mama yake? Vyote viko kwenye kaseti.”

“Basi nipe kaseti yangu. Iko wapi?”

Anselme alitazama rafu, akatazama mlango wa chumba cha ndani. “Ipo. Nitakutafutia. Sebule hii unaiona ilivyo. Jumapili ijayo.”

Kudra alimsindikiza Irène mpaka barabarani.

“Sisi maiti tunaiosha ili tuizike,” alisema Kudra. “Huyu ameosha mutu aliye hai.”

“Hakujua,” alisema Irène. “Na kaseti ipo.”

Jumapili hiyo Anselme alikuwa na homa, wakakutana bila kelele na kuondoka mapema. Iliyofuata umeme haukuwepo, na bila umeme hakuna kundi. Irène akauliza kwenye WhatsApp, pale ambapo kila mmoja hutuma kile kinachomfurahisha katikati ya wiki. Aliandika kwa adabu: Mzee, habari za homa, nakumbusha ile kaseti yangu. Hugues akaweka kidole gumba. Anselme akatuma fidla mbili za Waitaliano zikijibizana, na maneno, “Sikilizeni hawa, wanagombana kama mawifi.” Kudra akaandika, “Tumewasikia. Na kaseti ya dada?” Anselme akatuma mikono iliyokunjwa kama anasali.

Irène alianza kumlinda mzee moyoni mwake, ndivyo watu tunavyofanya tukiogopa. Alijiambia nyumba ile ina vitu vingi. Alijiambia ameiweka pazuri mno mpaka pamempotea. Akiwa anasonga ugali alijikuta anasema peke yake, “Irène, funga dirisha, karatasi zinaloa,” akijaribu kuipata ile sauti. Siku za kwanza aliipata. Halafu alianza kuipata nusu. Siku moja aliisema, na aliyesema alikuwa yeye mwenyewe, sauti ya mwanamke mzee jikoni. Akazima moto, akakaa. Ile flashi aliyopewa, yenye kanisa la Roma, hakuichomeka popote.

Hugues alimpigia simu. “Maman, mi naweza kujaribu kuweka mvua. Mvua za kurekodiwa ziko nyingi kwenye Intaneti.”

“Asante, mwanangu,” alisema Irène. “Mvua ninayo.”

Jumapili aliyoamua ingekuwa ya mwisho, alikwenda bila mkoba. Alifika, akasalimu, na hakuketi.

“Mzee, leo sikuja kusikiliza. Nimekuja kwa ajili ya kaseti tu. Iko wapi?”

Anselme alikuwa amekonda. Alikuwa tayari amesimama karibu na mashine, kama mtu anayelinda mlango. “Kaa, Mama Irène.”

“Nimesimama vizuri.”

“Leo ni zamu yangu ya kuleta. Nimeleta kitu ambacho tangu nizaliwe sijasikia mfano wake. Sikiliza kwanza. Kikiisha nitakujibu. Mbele ya hawa, nitakujibu.”

“Mzee, wacha michezo,” alisema Kudra. “Mutu anakuuliza kitu chake, unampigia ngoma?”

“Nitamjibu, Kudra. Wallahi, kama nyie mnavyosema. Nitamjibu.”

Irène akaketi kwenye ncha ya kiti, kama anayengoja gari. Anselme akabonyeza.

Ilikuwa misa ya wafu. Kwaya ilianza chini sana, kama watu wanaotoka chini ya ardhi mmoja mmoja, na vinanda vya nyuzi vikawashika mikono. Irène alijiambia hatasikiliza. Alitazama pazia, alitazama kalenda ya mwaka uliopita. Lakini ile kwaya haikumwomba ruhusa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na kulikuwa na sauti moja ya mwanamke iliyojitenga na wengine na kuomba, haikuamrisha, haikulia, iliomba tu mtu apumzike, na Irène akagundua mashavu yake yamelowa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile Fortunat alipooshwa, kifua chake kilifunguka. Alimwona Fortunat, mzima mzima, na shati lake la jasho, akiwa ameinamisha kichwa, anasikiliza naye. Fortunat angeupenda muziki huu. Angeweka ungo wa Irène chini na kumwambia aache mchele kwanza, asikilize.

Ukaisha.

“Nimesikia,” alianza Hugues, akaacha. “Mi leo sina maneno.”

“Andika mahali, Hugues hana maneno,” alisema Kudra, lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa imelowa. “Mi nimesikia jinsi tunavyopaswa kusindikizwa. Wote. Hata sisi wa msikitini.”

Anselme hakuonekana kufurahi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine na hakukitoa. “Mama Irène,” alisema. “Umesikia nini?”

Irène alifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Nimesikia mtu anasamehewa,” alisema. “Kitu kizuri sana, Mzee. Asante. Ningekaa nikisikilize tena kuanzia mwanzo.”

Anselme akainamisha kichwa kama aliyepigwa.

“Umeitoa wapi, Mzee?” aliuliza Hugues. “Si kwenye Intaneti hii. Ina joto.”

“Redio ya nje. Wanaitangaza mara moja tu, wakisharusha hawarudii. Nimeirekodi juu ya bandi, si flashi. Bandi ndiyo yenye joto.”

“Lakini kaseti nzuri hizi si ulisema hazipo tena mjini?”

Anselme alibonyeza kitufe, mlango mdogo wa mashine ukafunguka, akaitoa kaseti, akaifuta kwa kipande cha flaneli upande huu na upande ule, ingawa haikuwa na vumbi. Kudra alikuwa ameshainuka kwenye kiti. Irène alitazama mikono ya mzee, na hata hapo, wacha nikuambie, alikuwa bado anampenda kwa ajili ya ile misa.

“Mzee,” alisema. “Uliniambia nisikilize kwanza. Nimesikiliza. Kaseti yangu iko wapi?”

Anselme akampa aliyokuwa ameishika.

“Ndiyo hii, Mama Irène. Sikuwa na nyingine, na misa ilikuwa inaanza.”